Ziwa Lilikuwa Limefungwa

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuwachomea watu picha. Mkataba haukusema hivyo, bila shaka. Ulisema afisa wa kufuatilia malipo, mshahara elfu kumi na nane na bonasi, ghorofa ya tatu ya jengo fulani Nairobi ambalo lifti yake ilifanya kazi siku mgeni anapokuja. Lakini yeyote aliyekaa nasi pale kuanzia Juni 2021 atakwambia kazi yenyewe ilikuwa nini. Mtu amekopa elfu mbili kwa simu. Siku za kulipa zimepita, hashiki simu. Unafungua ukurasa wa pili kwenye kompyuta, na pale kuna majina yote yaliyokuwa kwenye simu yake siku aliyopakua programu: Mathe, Pasta, Fundi wa Gesi, Bosi, Sweetie, Sweetie 2. Unachagua mmoja, unapiga.

Kampuni sitaitaja. Si kwamba naiogopa. Nikiitaja, utaikasirikia kampuni, na mimi nitapata mahali pa kujificha.

Simu ninayotaka kuizungumzia niliipiga mwezi wa saba, mwaka huo huo. Kijana alikuwa amekopa elfu tatu, na riba na adhabu zikaifikisha 4,200. Kwenye simu yake kulikuwa na jina lililoandikwa "Mama Mdogo Bichi". Nikapiga. Akapokea mwanamke, na nyuma yake nikasikia upepo, kuku, na watu wakibishana kwa Dholuo. Nikamwuliza kama anamfahamu fulani. Akasema huyo ni mtoto wa dada yake, kwani amepata ajali? Nikamwambia hapana, ila amekuandika wewe kama mdhamini wake. Huo ulikuwa uongo. Hakuwa ameandikwa popote. Alikuwa tu ndani ya simu ya mtu anayempenda.

Akasema hajaweka sahihi mahali popote. Nikamsomea mistari ya karatasi tuliyopewa, ile ya hatua kali na ya jina la familia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Nyathina, ziwa limefungwa. Hapa hakuna kitu mpaka mwezi wa nane."

Mfanyakazi mwenzangu wa meza ya pili, mtoto wa Nairobi, angesikia kisingizio cha kuchekesha. Ziwa linafungwaje, lina mlango? Mimi nimezaliwa Bondo. Nilisoma chuo kikuu pale pale nyumbani, na mama yangu amenunua na kuuza omena tangu sijajua kutembea. Najua kwamba kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena unasimamishwa ili samaki wazae. Najua Wichlum na Usenge zinavyokuwa miezi hiyo: nyavu zimetandazwa na hazikaushi kitu, kina mama wanauza mandazi kwa wenzao ambao nao wanawauzia sukuma, shilingi mia moja inazunguka bichi nzima na jioni inarudi kwa mwenyewe. Najua watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo miezi gani. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, pole mama, na kukata simu.

Nilimwambia hivi: "Najua ziwa limefungwa, mama. Lakini chama hakifungwi."

Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa yangu. Yeye akanyamaza tena, safari hii muda mrefu, halafu akauliza, "In nyar kanye?" Wewe ni binti wa wapi? Nikajibu kwa Kiswahili kwamba mimi ni wa Nakuru.

Ijumaa pesa zikaingia, zote. Bonasi yangu ilikuwa shilingi 210.

Desemba 7 mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi sheria ya kurekebisha Sheria ya Benki Kuu ya Kenya, na kwa mara ya kwanza kampuni za mikopo ya simu zisizo benki zikawekwa chini ya mamlaka ya mtu. Mswada ulikuwa umepita mikononi mwa kamati ya fedha ya Bunge la Taifa, iliyokuwa ikiongozwa na Gladys Wanga, wakati huo mwakilishi wa wanawake wa Homa Bay, ng'ambo ya ghuba yetu. Machi 2022 zikafuata kanuni zenyewe, zikaanza kufanya kazi tarehe 18. Zilisema wazi kile ambacho sisi ghorofa ya tatu tulikuwa tukikiita kazi: hakuna kutisha, hakuna matusi, hakuna kupigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa bila ruhusa, hakuna kumwanika mtu mtandaoni ili aaibike. Msimamizi wetu akaja asubuhi na karatasi mpya. Ukurasa wa pili ukafungwa. Mtu wa dirishani akauliza, sasa tutakula wapi? Watu wakacheka.

Jioni hiyo nilifungua simu nikaandika kama walivyoandika maelfu ya watu wa rika langu: Tumeshinda. Watu 41 wakapenda.

Neno hilo ndilo limenikaa kooni tangu siku hiyo. Tumeshinda, sisi nani?

Tuseme ukweli, ulikuwa ushindi. Sina subira na wale wanaosema sheria ni karatasi tu. Nilikuwa ndani, niliona karatasi hiyo ikimnyang'anya msimamizi wangu silaha mchana kweupe. Na haikushuka kutoka mbinguni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na ya kufidiwa akipata hasara. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa maslahi ya umma, hata kama yeye binafsi hajaguswa. Okiya Omtatah, ambaye hata si wakili, alijijengea jina kwa mlango huo kabla hajawa seneta wa Busia. Kuna watu walioandika malalamiko, waliopiga picha za jumbe chafu na kuzisambaza, waliokaa kwenye vikao virefu visivyo na chai. Nawavulia kofia.

Lakini ushindi wa wateja nchini mwetu una tabia moja ambayo hatupendi kuitaja. Unafunga mlango huu, na maji yanatafuta mwingine.

Mwaka 2016 tulishangilia mswada wa Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini wakati huo, uliozuia benki kutoza riba zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Ilikuwa sherehe kwelikweli. Benki nazo zikafanya hesabu zao: kama siwezi kumtoza mama wa omena kulingana na hatari ninayoiona kwake, kwa nini nimkopeshe? Serikali inakopa pia, na serikali haifungwi na msimu. Wakopaji wadogo wakakosa. Sheria ile ikafutwa Novemba 2019. Katika miaka hiyo mitatu, mtu aliyekataliwa kaunta ya benki alikuwa na simu mfukoni, na ndani ya simu kulikuwa na watu waliokuwa tayari kumpa elfu mbili kwa dakika mbili. Wao hawakuwa benki, kwa hiyo sheria ile haikuwahusu.

Halafu Aprili 2020, korona imeingia, Benki Kuu ikazizuia kampuni za mikopo zisizosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa CRB, na ikasema mtu asiorodheshwe kwa deni lisilofika shilingi elfu moja. Ushindi mwingine, na wa haki kabisa, maana kuna vijana waliokosa kazi kwa deni la shilingi mia mbili. Mimi nilipoanza kazi mwaka uliofuata, msimamizi alitueleza hali kwa ufupi siku ya kwanza. "CRB imetutoka," alisema. "Tumebaki na majina kwenye simu."

Kwa hiyo ukinifuata nyuma, mimi na bonasi yangu ya 210 tulisimama mwisho wa foleni ya ushindi. Sisemi ushindi ule ulikuwa makosa. Nasema kila mara tulipowanyima nguvu wenye pesa, hatukuuliza watageukia nini, na kila mara waligeukia kitu kilicho karibu zaidi na mwili wa mtu. Kwanza benki ilishika ardhi. Ilipokosa ardhi ikashikwa rekodi. Ilipokosekana rekodi ikashikwa shangazi.

Na huyo shangazi, sheria inamwita nani? Hapa ndipo ninapokwama. John Kennedy alipopeleka ujumbe wake kuhusu haki za wateja kwa Bunge la Marekani, Machi 15, 1962, alianza kwa kusema kwamba wateja ni sisi sote, na ndiyo maana tarehe hiyo dunia inaiadhimisha. Lakini yule mama hakuwa mteja. Hakukopa. Hakupakua programu. Hakubonyeza "Nakubali" chini ya maandishi ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma. Haki zote nzuri za Kifungu cha 46 zilikuwa za mpwa wake. Yeye alikuwa namba tu. Kilichomhusu kilikuwa Kifungu cha 31, kile cha faragha, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hapo ndipo naona akili ya kanuni za 2022: zilielewa kwamba ukimkopesha mtu mmoja kwa njia ile umeingia nyumba mia moja bila kubisha.

Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, alizipiga faini taasisi tatu kwa mpigo. Moja ilikuwa Mulla Pride, iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia jumbe za vitisho na kuwapigia. Faini 2,975,000. (Siyo niliyofanyia kazi, kabla hujaanza kukisia.) Nilisoma habari hiyo nikiwa matatu ya Kisumu kwenda Bondo, karibu na Kisian, na nikafanya hesabu ya kijinga: pesa hizo zingewalipa kina Mama Mdogo Bichi wangapi, kwa 4,200 kila mmoja? Mia saba na nane, na chenji. Lakini faini ni ya serikali. Aliyeaibishwa ana njia yake: sheria ya data inampa haki ya fidia. Aandike malalamiko. Aeleze alipigiwa lini, aliambiwa nini, mbele ya nani, na ilimuuma vipi. Yaani ili alipwe kwa aibu, inabidi aisimulie upya kwa mgeni, kwa maandishi, kwenye intaneti.

Kwa Dholuo aibu tunaiita wichkuot. Ukilipasua neno, ni kichwa kuvimba. Watu wa zamani walijua kwamba ni kitu cha mwili. Mtu mwenye kichwa kilichovimba hapeleki fomu.

Binamu yangu anafanya kazi kwenye SACCO huko Kisumu, na tumebishana juu ya jambo hili mpaka chapati zikapoa. Yeye hana huruma na mimi wala na wadaiwa. Anasema hivi: mtu mwenye shamba akikopa, shamba ndilo linalomfanya alipe. Asiye na shamba ana nini? Ana jina. Ukipiga marufuku kugusa jina lake, umemwambia mkopeshaji asimkopeshe. Kisha ananigeukia: "Na chama cha mathe wako kinakopeshea nini kama si aibu? Mbona hicho hamkishtaki?"

Swali hilo ni zuri kuliko anavyojua, kwa sababu aibu ya chama naijua kwa macho yangu.

Nilipokuwa kidato cha pili mama alishindwa kurejesha mkopo wa chama. Baba alikuwa mgonjwa, pesa zote ziliishia dawa. Kina mama walikuja Jumapili baada ya kanisa, kama saba hivi, wamevaa vizuri. Walikunywa maji. Mweka hazina alisoma kitabu kwa sauti, kiasi gani, tangu lini. Halafu wakabeba viti vyetu vinne na redio, wakapita navyo njia kuu, mchana, majirani wakitazama. Nilikimbilia nyuma ya jikoni nikakaa huko mpaka giza. Kichwa kilivimba, nakwambia.

Kwa hiyo jibu rahisi, kwamba aibu ya app ni mbaya na aibu ya kwetu ni utamaduni, sina ruhusa ya kulitumia. Kuna mwanamke wa chama hicho hicho aliyeondoka usiku na watoto, akavuka kwenda Mbita, na hakuwahi kurudi. Chama si pepo.

Bado naona tofauti, na siyo ndogo. Wale saba niliwajua majina. Mama alikuwa amekaa upande wao mwaka uliotangulia, amebeba sufuria za mtu mwingine. Alijiunga akijua viti vinaweza kuondoka, na alijua vitaondoka na nani. Wiki mbili baadaye baba alipozidiwa, wale wale waliobeba viti walileta sukari, unga na mia tatu za matatu ya hospitali. Mweka hazina alilala kwetu usiku mmoja. Mama alipomaliza deni, Novemba, viti vilirudi kwa njia ile ile kuu, mchana, na akapewa nafasi ya kwanza kwenye mzunguko uliofuata. Aibu ile ilikuwa na mlango wa kutokea. Aliyekuaibisha alibaki kijijini kuishi na alichokifanya, na wewe ulikuwa na haki ya kumwangalia usoni kesho yake sokoni.

Mimi je? Mimi nilikuwa sauti. Yule mama aliponiuliza nyumbani kwangu ni wapi, alikuwa anafanya kitu cha haki kabisa: alikuwa anadai nami niwe na jina, kama yeye. Alitaka tulingane. Nikamdanganya Nakuru. Kampuni ilikuwa imekodisha aibu ambayo si yake, ikatumia uhusiano ambao haikuujenga, kati ya kijana na mama mdogo wake, kati ya mama huyo na chama chake. Hakuna siku ambayo ingeleta sukari. Nami niliifanya kazi hiyo vizuri kuliko wenzangu kwa sababu nilijua ziwa hufungwa lini na chama hukutana wapi. Nilichukua nilichofundishwa nyumbani nikakitumia kuvunjia mlango wa nyumbani.

Hivyo namjibu binamu: sina ugomvi na jina kuwa dhamana. Mtu akitaka kuliweka jina lake mezani, aliweke mwenyewe, mbele ya watu ambao nao wameweka yao. Anasema hayo ni maneno ya mtu aliyesoma falsafa ya bure. Huenda.

Kuna jambo lingine ambalo binamu simwambii. Sikuacha kwa sababu ya dhamiri. Kati ya Julai 2021 na Machi 2022 nilipiga simu nyingine nyingi, na nilisema tena ile ya chama hakifungwi, kwa sababu ilifanya kazi. Niliacha kuwapigia watu wa pembeni siku kanuni zilipokataza. Mwezi uliofuata mkataba ukaisha, nikaondoka na barua nzuri ya kunisifu. Sasa mtu akizuiwa kufanya ubaya, tunaweza kusema ameuacha? Sheria ya maslahi ya umma haijali swali hilo, na vizuri isijali. Kazi yake ni simu isipigwe, basi. Imewalinda watu ambao ningewapigia mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Hao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa, nami sitawajua. Ushindi wa kweli wa mteja huenda ndio huo, simu isiyolia. Mwaka 2023 Google nao wakazizuia programu za mikopo kusoma namba na picha kwenye simu ya mtu, kwa hiyo hata ukurasa wa pili wenyewe ukakosa cha kuonyesha.

Lakini umma hauwezi kunisamehe kwa niaba ya mtu mmoja. Nimejaribu kuigeuza hoja hii kila upande na inarudi pale pale. Kuna kitu kiliibwa kwa mwanamke mmoja, Julai, ziwa likiwa limefungwa, na aliyekichukua ana sauti yangu.

Namba yake ninayo. Siku ile ile, sijui kwa nini, niliiandika nyuma ya daftari, bila jina. Na hapa sheria ninayoisifu inanicheka. Namba ile niliipata kwa njia ambayo haikuwa halali, sina ruhusa yake ya kuitunza, sina ruhusa ya kuitumia. Nikimpigia kumwomba msamaha, ninafanya tena kile kile ninachoombea msamaha: mgeni mwenye namba asiyopewa, anaingia mchana wa mtu na habari za deni. Nikiifuta, ninatii sheria na ninajipa nafuu kwa mkupuo mmoja, na ushauri wowote unaonipa nafuu haraka hivyo siuamini.

Nilimweleza mama mwaka jana, Julai tena, tumekaa nje tunachambua maharagwe. Nilimweleza yote isipokuwa bonasi, halafu nikamweleza bonasi. Hakuacha kuchambua.

"Alikuwa bichi gani?" akauliza.

"Sijui, mama. Nilisikia tu upepo."

"Na ukimpata utamwambia nini?"

"Nitamwambia pole. Nimrudishie elfu nne na mia mbili zake."

"Utampa mkononi, pale bichi?"

"Ee."

"Watu wakimwuliza ni za nini, atasema nini?"

Sikuwa nimefikiria hapo. Nilikuwa nimemwona peke yake, mimi na yeye na pesa, kama picha. Sikuwaona wenzake wamekaa kando kwenye magunia. Huenda alikiambia chama kwamba pesa zile ni za hospitali. Huenda mpwa alimlipa zamani na hawazungumzii tena. Huenda amesahau, na mimi ndiye ninayetaka akumbuke ili mimi nilale.

"Mpe mtu asiyejua umemnyang'anya," nikasema, "ni sadaka, si kulipa."

Mama akasema hilo ni la kwangu, yeye anachambua maharagwe. Kisha akaniomba lile daftari. Akalitia kwenye sanduku la bati la chama, lile lenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, yeye mmoja wao. Kwa hiyo sasa hata mimi siwezi kuifikia namba ile bila wanawake wawili wengine kujua kwamba naitaka, na kuuliza ya nini.

Agosti ziwa lilipofunguliwa nilimsindikiza Wichlum. Tulifika kabla jua halijatoka, taa za mitumbwi zikiwa bado majini. Omena zikashuka, kina mama wakazizunguka beseni, kelele, bei, utani. Mmoja aliyekuwa akituuzia, mwanamke mnene mwenye leso ya kijani, aliniangalia akauliza kwa Dholuo mimi ni binti wa nani, mbona haniijui sauti. Sikuwa nimesema chochote bado. Mama akamjibu kwamba ni wa kwake, wa tatu, anafanya kazi Nairobi.

"Kazi gani?" mwanamke akauliza, akinimiminia gorogoro ya kwanza.

Nilishika mdomo wa gunia ukae wazi.